Tumenunua au Tumepangishwa?

Leo naomba unifuate hadi ndani ya sanduku la kompyuta ya mezani, mahali ambapo wengi wetu hudhani hapana siasa. Siasa imo, tena imefungiwa humo kwa makusudi.

Mwaka 2005, nikiwa mwanafunzi mwenye mfuko uliotoboka, nilikuwa na kompyuta kuukuu ya mezani niliyoinunua Kariakoo. Jamaa yangu aliyekuwa ughaibuni akaniletea kichakataji cha AMD Athlon XP-M 2500+, kilichoundwa kwa ajili ya kompyuta mpakato. Kiliingia katika tundu lile lile la ubao mama bila ubishi. Kiwandani kilipangiwa kasi ya megahezi 1,867 kwa volti 1.45. Nilipokipa volti 1.65, ambazo ni volti za kawaida za ndugu zake wa mezani, kikaenda kwa megahezi 2,200. Hiyo ndiyo kasi ya Athlon XP 3200+, kinara wa ukoo ule mwaka 2003, ambacho bei yake sikuwahi hata kuiota. Usiku wa kwanza mashine ilizimika mara tatu kwa joto. Nikabadili feni, ikatulia. Tasnifu yangu niliiandikia humo.

Kwa nini kichakataji cha mpakato? Jibu ndilo kiini cha hoja yangu. Kasi ya kichakataji hupatikana kwa kuzidisha mapigo ya ubao mama kwa namba iitwayo kizidishio. Mapigo 133 mara 14 hutoa takriban 1,867. Mapigo 200 mara 11 hutoa 2,200. Mwishoni mwa 2003 AMD ilianza kukifunga kizidishio cha vichakataji vya mezani. Vya mpakato vilibaki wazi, kwa sababu kompyuta ya betri hulazimika kushusha kasi ili kuokoa umeme, na kasi haishuki iwapo kizidishio kimefungwa. Basi mlango ulioachwa wazi kwa ajili ya kushuka, wasio na fedha wakautumia kupanda.

Tazama maana yake. Kama kufuli lingekuwa sharti la kitaalamu, lisingeondolewa pale tu mauzo ya mpakato yalipolihitaji liondoke. Lililofungwa ni soko.

Wala si kampuni moja. Mwaka 2010 Intel ilijaribu kuuza kadi ya dola 50 yenye namba ya siri. Mwenye kompyuta ya kichakataji cha Pentium G6951 akiiingiza namba hiyo, sehemu ya kumbukumbu ya ndani iliyokuwa imezimwa iliamka. Hakuna kifaa kilichoongezwa. Mteja aliombwa alipie mara ya pili kitu ambacho tayari kilikuwa mezani kwake! Mradi ule ulikufa upesi, lakini fikra iliyouzaa haikufa. Tangu 2010 Intel imekuwa ikiuza vichakataji vilivyofunguliwa kizidishio kwa alama ya herufi K, na uhuru ukawa bidhaa yenye bei yake.

Wapo watakaonijibu kwamba kufuli huzuia matapeli wanaofuta maandishi ya kichakataji cha bei ndogo na kukiuza kama cha bei kubwa. Utapeli huo ulikuwapo kweli, na aliyeibiwa anastahili kulindwa. Lakini tapeli hushitakiwa. Hatuwafungi mikono wanunuzi wote kwa ajili yake. Watasema pia kwamba kasi ya ziada huleta joto na kufupisha maisha ya kifaa. Ni kweli, na si kila kichakataji hukubali kupanda. Ndiyo maana sidai mtengenezaji abebe hasara yangu. Dhamana na ife siku nitakapogusa volti. Ninachokataa ni mtu aliyekwisha kupokea fedha yangu kuendelea kuniamulia.

Mafundi wetu wanalijua hili bila mhadhara. Matatu nyingi za Nairobi zimejengwa bodi juu ya chesisi ya lori la Isuzu. Gari lililoundwa kubeba mizigo likabeba abiria, na kizazi kizima kikajifunza ufundi kwa kulikata na kulichomelea. Laiti chesisi ingekuja na namba ya siri, ufundi huo ungezaliwa wapi?

Hapo ndipo penye maumivu. Tunawahimiza vijana wawe wavumbuzi, kisha tunajaza maabara zao vifaa ambavyo havifunguki. Mwanafunzi aliyezoea kuambiwa "usiguse" atahitimu akiwa mtumiaji hodari, na mtumiaji tu.

Kwa hiyo napendekeza jambo moja ambalo halihitaji kiwanda. Shule na vyuo vya umma hununua kompyuta kwa fedha za wananchi. Kila zabuni imtake muuzaji aeleze kwa maandishi ni nini kimezuiwa na maumbile ya kifaa na ni nini kimezuiwa na bei, na chuo kiwe na haki ya kukifungua hicho cha pili kwa hasara yake chenyewe. Muuzaji akikataa, tusiite ununuzi. Tuite pango, na tulipe kodi ya pango, si bei ya mali.