Jina la Kuazima



Mwezi huu tuzungumzie filamu iitwayo My Name Is Sara, ya mwaka 2019. Inasimulia habari ya kweli ya Sara Góralnik, binti wa Kiyahudi kutoka Poland aliyekuwa na umri wa miaka 13. Katika Vita Kuu ya Pili Wanazi waliiangamiza familia yake. Yeye alitoroka, akachukua jina la rafiki yake Mkristo, akapata kazi ya kulea watoto kwa mkulima mmoja huko Ukraine. Alikula na kulala nyumbani mwa watu huku akijua kwamba neno moja likimponyoka, atauawa. Aliitunza siri hiyo mpaka vita ilipokwisha.

Je, alitenda dhambi kwa kusema uongo? Sisi wauguzi huwakumbuka Shifra na Pua, wale wakunga wa Kiebrania waliomdanganya Farao ili watoto wachanga wapone. Mungu aliwatendea mema. Dhambi kubwa ni ya yule anayemfanya mtoto aogope jina alilopewa na mama yake.

Tusidhani mambo hayo ni ya Ulaya tu. Kwa jirani zetu wa Rwanda, tangu enzi za Wabelgiji vitambulisho viliandikwa kabila la mtu. Kati ya Aprili na Julai 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno hilo moja liliamua nani apite na nani afe. Waliouawa wanakadiriwa kuwa 800,000 au zaidi. Inatuuma sisi Wakristo kusema kwamba kule Nyamata na Ntarama watu waliokimbilia makanisani waliuawa humo humo.

Lakini wilayani Ruhango alikuwako bibi mmoja, Zula Karuhimbi, mganga wa kienyeji. Aliwaficha zaidi ya watu 100 katika kijumba chake. Wauaji walipokuja, alijipaka majani yanayowasha, akawagusa, akawatisha kwamba mizimu itawadhuru. Wakakimbia. Bibi huyo alifariki Desemba 2018. Hatusifu uganga, la hasha! Tunasifu mlango wake uliokuwa wazi wakati milango mingi ilifungwa.

Sasa turudi kwetu, Mbagala, Tandika na Mwananyamala. Binti wa kazi anapoletwa kutoka mkoani, swali letu la kwanza huwa lipi? "Wewe kabila gani?" Hata maji ya kunywa hajapewa. Akishajibu tunatoa hukumu: hao ni wavivu, hao wana mkono mrefu. Watoto wetu wamekaa pale mkekani, wanasikia.

Kutaja kabila si kosa. Utani wa makabila yetu umetuchekesha hata misibani, na umetuunganisha. Ubaya huanza pale jibu la swali lile linapokuwa mizani ya kumpimia mtu. Wale waliosimama vizuizini kule Rwanda nao walizaliwa na akina mama, na mengi waliyoyaamini kuhusu jirani zao waliyasikia kwanza wakiwa wadogo.

Kwa hiyo, wapendwa, tufanye mambo matatu. Kwanza, binti akifika, tumwulize jina lake na jina la mama yake, tena tumwite kwa jina hilo. Wako wanaoishi miaka miwili wakiitwa "we msichana" tu. Pili, mtoto akirudi kutoka shule na neno la kudharau kabila au dini ya mwenzake, tusicheke. Tumrekebishe papo hapo. Tatu, katika sala ya jioni tuwataje kwa majina jirani zetu wasio wa kwetu wala wa kanisa letu.

Sara aliishi kwa jina la kuazima. Watoto wanaolala chini ya paa zetu, tuliowazaa na tusiowazaa, waishi kwa majina yao.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.