Usiombe msumeno, omba panga

Ukirudi ushago kutoka Nairobi ama Thika, maisha ikiwa imekukalia ngumu, na uombe mzee kipande cha kulima, mimi tayari najua utapewa wapi. Ni pale chini ya miti. Penye jua pana mahindi, kahawa na nyasi ya ng'ombe, na hizo hazikukuwa zinakungoja. Nimeona hii kitu Runyenjes, nikaiona Manyatta, nikaiona Nkubu. Kijana anapewa kivuli.

Halafu anapanda nyanya, hoho na sukuma, vile ameona kwa simu. Miezi miwili baadaye nyanya ni ndefu kama nguzo na hazina kitu, sukuma zimegeuka njano, na mdomo wake umejaa neno moja: msumeno. Anataka mukima ianguke. Mzee anakataa. Nyumba inanuna wiki nzima.

Maoni yangu, na najua wengine mtanijia juu: huyo mzee ako sawa kukataa kukata mti, na kijana ako sawa kulalamika. Wote wawili wamesahau kuongea kuhusu matawi.

Kwanza tuelewe huu mti ulifikaje hapa. Mukima, ile wengine huita mgrivea, si mti wa kwetu. Ilitoka Australia, na huku ilipandwa sana ili itie kahawa na majani chai kivuli. Miaka ya 1930, wakati serikali ya wakoloni ilikuwa bado inawazuia Waafrika wengi kupanda kahawa, Meru na Embu, pamoja na Kisii, ndizo zilikuwa kati ya sehemu za kwanza kuruhusiwa. Kwa hivyo tunalia kivuli cha mti ambao kazi yake ilikuwa kivuli. Leo ndio mbao ya nyumba, ndio kuni ya shosh, ndio karo. Karo yangu ya semista ya kwanza ilikuwa mikima miwili. Chuo niliacha, miti haikurudi, lakini nilijua kabisa guka ameweka akiba yake wapi. Hakuna mtu atakuachia ukate benki yake juu ya sukuma ya shilingi ishirini.

Sasa kuhusu zile video. Nyingi zimetengenezewa Uingereza na Marekani, na zinakuambia uweke mboga upande wa kusini ndio zipate jua. Buda, sisi tuko kwa mstari wa ikweta. Alama yenyewe iko kando ya barabara ya Embu kwenda Meru, ukishapita Nkubu, watu husimama hapo kupiga picha. Jua letu mwezi wa Juni linapita kaskazini kidogo, kwa hivyo kivuli kinaanguka kusini. Desemba mambo yanageuka. Hakuna upande mmoja wa mti unaokaa gizani mwaka mzima. Kile kinakuhusu sana ni mashariki na magharibi: shamba likiwa upande wa mashariki wa mti linapata jua la asubuhi, likiwa magharibi linapata lile kali la mchana. Chukua vijiti, siku moja tu, uende saa tatu, saa sita na saa tisa, uweke kijiti pale jua linapiga. Jioni utakuwa na ramani ya shamba lako.

Mahali panapata jua saa tatu au nne kwa siku, panda vitu vya majani. Sukuma, spinachi, managu, dania. Zitakua polepole kuliko za jirani, lakini majani yatakuwa laini. Nyanya na hoho sahau. Kitu cha kuzaa matunda kinataka jua, na juu ya hiyo, baridi ya Julai huku mlimani ikikutana na kivuli, majani yanaanza madoa meusi na kila kitu kinaoza.

Mahali pa giza zaidi ndipo mimi hushangaa tunavyodharau chakula chetu. Nduma inavumilia kivuli vizuri, mradi iwe na maji, na kama una mtaro ama kona inayokaa na unyevu, hapo ndipo pake. Na viazi vikuu, zile ikwa za kina guka, zinahitaji mti! Wazee wa Embu na Meru walikuwa wanapanda mukungugu makusudi ili ikwa ipande juu yake. Mti ulikuwa nguzo, chini chakula, na unachimba kiasi cha kula leo, mengine yanabaki ardhini yakikungoja. Hiyo ilikuwa akiba ya njaa. Sisi tunaziita chakula cha wazee, halafu tukifika tao tunanunua nduma ya kuchemsha na chai kwa bei inauma na kusema ni chakula cha afya. Sielewi.

Kitu kingine, usilaumu kivuli kila wakati. Sukuma ikidumaa karibu na mti mkubwa, mara nyingi mizizi ndiyo inakunywa maji yako na kula mbolea yako. Mwagia zaidi, ongeza samadi iliyooza vizuri, ama pandia kwa magunia. Gunia uliweke juu ya mawe, lisiguse udongo, la sivyo mizizi itapanda humo ndani ikikula na wewe.

Turudi kwa panga. Mukima ukiipunguza matawi haifi, inachipuza tena. Toa yale ya chini, acha nusu ya juu na majani yake. Fanya hivyo Machi, kabla mvua ndefu ianze, kwa sababu Januari na Februari jua ni kali na hicho kivuli kinakusaidia kushika unyevu, lakini kuanzia Juni mpaka Agosti mawingu yanafunika mlima na utataka kila mwangaza. Kama hujawahi kupanda mti, lipa msee anayejua. Mguu uliovunjika ni ghali kuliko mboga.

Na guka umwambie nini? Usimwambie kuhusu sukuma. Mwambie mti uliotolewa matawi mapema unatoa mbao iliyonyooka, yenye vifundo vichache, na fundi analipa mbao kama hiyo vizuri. Shosh mwambie kuni. Hapo umeshinda kura mbili kati ya mbili.

Serikali nayo inataka miti bilioni 15 kufikia 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata likizo ya kupanda, tukapanda, tukapiga picha. Sipingi. Lakini kwa nusu ekari ya Embu yenye mikima, makadamia na parachichi tayari, miche mingine itaenda wapi? Mimi ningependa afisa wa kilimo akuje na panga na ngazi, atufunze kutunza ile iko.

Kuna jambo moja halisemwi kwa meza ya familia. Ukitunza mti wa mzee miaka mitano, halafu auuze, wewe unapata nini? Ongeeni kabla panga haijapanda juu, mbele ya shosh, na mama yako akiwa hapo. Mimi ningeomba kuni zote, vijiti vya kupandishia maharagwe, na ruhusa ya kulima hapo chini bila kuhamishwa. Mbao ibaki ya mzee. Wengine wataomba na asilimia, na sioni ubaya.