Bagamoyo: Uchumi wakua, kaya zasubiri

WAKATI takwimu za Taifa zimekuwa zikionyesha uchumi kukua mwaka hadi mwaka, kaya za ukanda wa pwani kutoka Mapinga hadi Bagamoyo mjini hazijanufaika kwa kiwango kimoja.

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 ulibaini kuwa asilimia 26.4 ya wakazi wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, ikilinganishwa na asilimia 28.2 mwaka 2011/12. Kwa miaka sita ya ukuaji mzuri wa uchumi, nafuu hiyo haikufika hata asilimia mbili.

Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan huzihoji kaya kila mwezi kuhusu matumaini yao ya kiuchumi, na mara nyingi wenye hisa na nyumba huwa na imani kuliko wanaotegemea mshahara pekee. Bagamoyo matumaini hupimwa dukani, kwa mafuta ya kula ya kupima na sukari ya robo kilo, na kwa misingi ya nyumba inayoota majani ikisubiri tofali.

Hapa mstari unaozitenga kaya ni ardhi. Machi 2013, Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya awali kuhusu bandari ya Bagamoyo, na Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete akaweka jiwe la msingi huko Mbegani. Mwaka 2019 Rais John Magufuli aliyakataa hadharani masharti ya wawekezaji, na Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kufufua mazungumzo.

Kila tangazo lilipandisha matumaini ya mwenye kiwanja kando ya barabara. Lakini kwa mvuvi, au mama anayelima mwani Mlingotini, kiwanja hakilishi watoto mpaka kiuzwe, na kikishauzwa hakirudi. Fedha za mara moja huishia kwenye bati, pikipiki na harusi, na urithi huwa wa mnunuzi.

Aliye ndani ya eneo la mradi ana tatizo jingine. Akishafanyiwa tathmini, husita kupanda minazi au kuongeza chumba, kwani kinachoongezwa baadaye huenda kisilipwe. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita, na ikichelewa iongezwe riba. Msingi wake ni kwamba kusubiri nako ni gharama.

Hivyo, imani ya kaya za pwani haitajengwa na ukubwa wa mradi peke yake. Itajengwa na tarehe zinazotimizwa, fidia inayofika kwa wakati, na kipato cha kila siku kwa wasio na kiwanja cha kuuza.