FUNDI NAYE NI MWALIMU

Kila mwaka gazeti hili la chama chetu hujaa mashairi ya mapenzi, vitendawili na vichekesho vya bwenini. Mimi leo naomba ruhusa niandike kuhusu pampu. Msicheke! Nasema pampu ya dizeli ya trekta kuukuu, ile inayosukuma mafuta hadi kwenye nozeli, na nina neno la kuwaambia wanafunzi wenzangu na walimu pia.

Mjomba wangu, ambaye ndiye hunilipia karo, ana Massey Ferguson 135 iliyoundwa Coventry, Uingereza, kabla mama yangu hajazaliwa. Hapa kwetu Kakamega trekta kuukuu si pambo. Tangu kiwanda cha Mumias kianze kusaga miwa mwaka 1973, tumezoea kuamshwa na ngurumo zao zikivuta trela za miwa. Basi mwaka jana, katikati ya mavuno, trekta la mjomba likaanza kugoma. Linawaka, linakohoa, linazima. Akaitwa mtu aliyesemekana kuwa fundi. Bwana huyo aliifungua pampu pale pale shambani, juu ya gunia, bila kuiosha wala kuweka alama yoyote. Alipomaliza kuifunga, skrubu moja na springi ndogo zilibaki mkononi mwake. Akasema ati hazina kazi!

Trekta halikuwaka tena. Miwa iliyokwisha kukatwa ilikaa siku 8 juani, na miwa iliyokatwa hupoteza uzito na sukari kila siku inayopita. Pesa zilizopotea zilikuwa karo yangu. Nilikaa nyumbani wiki 3. Kwa hivyo mtu asiniambie kwamba mambo ya pampu hayanihusu.

Mjomba aliamua kuipeleka pampu kwa mzee mmoja mwenye gereji mjini, nami nikaipakata kwenye matatu kama mtoto mchanga. Mzee aliponiona nimesimama tu akaniuliza kwa nini siko shuleni. Nikamweleza. Akasema, “Haya kijana, badala ya kuhesabu magari barabarani, shika hilo karai.”

Siku ya kwanza sikugusa hata spana. Nilifagia, nikapangusa meza, nikanawa mikono kwa sabuni mara 4. Nilidhani ananionea. Kumbe! Ndani ya pampu hiyo, aina ya DPA ya kampuni ya CAV, mna kichwa cha chuma na rota inayozunguka ndani yake. Nafasi iliyo kati yao ni sehemu chache tu za elfu moja za milimita. Unywele haupiti. Hapo hakuna raba, ni chuma kwa chuma na utando wa dizeli katikati, na chembe moja ya mchanga yatosha kuharibu kila kitu. Ndiyo sababu huwezi kununua rota peke yake ukaitia katika kichwa cha pampu nyingine. “Hawa wamezaliwa pamoja,” mzee aliniambia, “na huzikwa pamoja.”

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba pampu hiyo haina oili yake. Dizeli ile ile inayokwenda kuchomwa ndiyo inayoilainisha. Sasa mfanyabiashara akichanganya dizeli na mafuta ya taa, ambayo ni makavu, anaiua pampu polepole. Mwaka 2018 Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kukomesha uchanganyaji huo. Mimi habari hizo nilikuwa nikizisikia kama siasa za kodi tu. Mzee alinitolea kutoka sandukuni rota moja iliyokufa hivyo, imekwaruzika kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, na nikaelewa ushuru kuliko nilivyowahi kuuelewa.

Bahati yetu, mchanga wa shambani haukufika kwenye rota. Tuliosha kila kipande, tukabadilisha raba zote zilizokauka, tukairudisha ile springi. Ilikuwa ya gavana (siyo yule wa Kaunti, jamani), kifaa kinachozuia injini isikimbie kupita kiasi. Eti haina kazi! Kisha mzee akasema hapo ndipo mkono wake unapoishia, maana hana mashine ya kupimia pampu, na akatutuma Kisumu kwa wenye nayo. Nilimheshimu sana kwa neno hilo. Yule wa kwanza hakuwa na mahali mkono wake ulipoishia.

Mzee alikuja mwenyewe kuifunga. Alilinganisha alama ya pampu na ya injini, halafu kabla ya kutoa hewa akafungua chujio la dizeli. Lilikuwa jeusi tititi, limeziba. Akacheka kwa huzuni. Pampu haikuwa na kosa tangu mwanzo. Ilikuwa na njaa. Tukaweka chujio jipya, tukalegeza skrubu moja baada ya nyingine mpaka dizeli ikatoka bila povu, na trekta likawaka. (Nozeli ikirusha, usiweke kidole mbele yake. Presha yake ni zaidi ya mara 100 ya ile ya hewa tuivutayo, hupenya ngozi kama sindano, na hata tundu likiwa dogo ni lazima ukimbie hospitali.)

Sasa nafika kwenye malalamiko yangu. Darasani nilikwisha kuuona mchoro wa pampu. Niliandika majina ya sehemu zake kwa Kiingereza nikapata alama 8 kwa 10. Lakini pampu yenyewe ilipolala ndani ya karai, sikutambua hata kipande kimoja! Mzee, aliyeachia shule darasa la saba, alinieleza yote kwa Kiswahili: kichwa, pete, mbawa, gavana, kutoa hewa. Maneno hayo sijayaona katika kitabu chochote cha shule yetu. Alikuwa na vijana 2 aliokuwa akiwafundisha, na wote wamekwenda kuendesha bodaboda. Akiondoka yeye, maneno yataondoka naye, na kazi pia.

Najua kuna watakaopinga. Rafiki yangu mmoja asema injini za siku hizi zinaongozwa na kompyuta, hivyo pampu hizi zimepitwa na wakati. Ni kweli kwa magari mapya. Aje asimame barabarani wakati wa mavuno ahesabu trekta zipitazo, kisha aniambie ngapi ni mpya. Wengine wataona ni kazi ya walioshindwa na masomo. Humu shuleni mtu akisema anataka kwenda Sigalagala kusomea ufundi, darasa zima hucheka kana kwamba ameteleza kwenye matope. Mimi pia nilikuwa nikicheka. Mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017 unasifu sana ujuzi wa mikono, lakini sifa hazifungui pampu. Walimu wetu wakubali tu kutupeleka gereji alasiri moja kila muhula, au wamkaribishe mzee aje na karai lake. Hatadai mengi. Mimi alinidai kufagia.

Nacho Chama cha Kiswahili kisingoje wakubwa watuundie istilahi huko mbali ilhali fundi anazo mdomoni. Nimeanza daftari. Kufikia sasa lina maneno 31, na nimelikabidhi kwa mwalimu mlezi. Lipo moja lililotushinda, la ile valvu inayopima dizeli ya kuingia kwenye rota. Mzee huiita “kile kidude cha juu.” Mwenye jina bora alilete katika mkutano wa Ijumaa.