Moyo wa mtoto wa mfalme

Mama zangu, leo tuache chanjo kidogo. Kuna mtoto wa Ufaransa kaninyima usingizi, na nimetoka shifti ya usiku.

Louis Charles. Baba yake, mfalme Louis XVI, alikatwa kichwa Januari 1793. Julai wakamtenga na mama yake, ana miaka 8. Oktoba mama naye akauawa. Mtoto akabaki gerezani, miezi kadhaa amefungiwa peke yake, akafa Juni 1795. Miaka 10 tu, jamani!

Daktari aliyemfanyia upasuaji wa maiti, Pelletan, aliuchukua moyo wake kwa siri. Mwaka 2000 DNA ikaoana na ya nywele za mama yake, na 2004 moyo ukawekwa Saint-Denis, kwenye makaburi ya wafalme.

Mpaka leo kila Januari 21 wapo Wafaransa wanaomwombea mfalme misa. Wengine huwacheka, jamhuri hii mfalme wa nini? Mimi siwacheki. Mfalme simtaki, maana njaa ya enzi zile iliua watoto wa maskini ambao hakuna aliyewatunzia moyo. Lakini kumlilia mtoto si kudai kiti cha enzi.

Binti yake aliandika kwamba siku ile mama aligoma kumwachia mtoto karibu saa nzima. Mama wa hivyo nawajua, wako wodini kwangu.