Fidla mpya mkononi mwa bingwa

Wale mliozoea kunisoma nikiongea habari za seva na misimbo mtanivumilia leo. Nataka kuzungumza juu ya fidla. Ndiyo, fidla ile ile tunayoisikia katika taarab ya Unguja. Programu zitaingia baadaye, msiwe na haraka.

Kuna Mjerumani mmoja anaitwa Christian Tetzlaff, mzaliwa wa Hamburg, 1966. Huyu bwana ni miongoni mwa wapiga fidla wakubwa wa muziki wa klasiki walio hai. Mwaka 1988, akiwa na miaka 22, alipiga konsato ya Schoenberg pamoja na Okestra ya Cleveland kule Marekani, na hiyo si kazi ya mchezo: ngumu kwa vidole, ngumu kwa masikio. Tangu hapo amezunguka dunia, amerekodi zile kazi za Bach za fidla peke yake mara tatu, na mwaka 1994 alianzisha kikundi cha watu wanne pamoja na dada yake Tanja, mpiga selo.

Sasa mtu wa namna hiyo unategemea abebe nini? Stradivarius, bila shaka. Na kweli aliwahi kuipiga. Halafu akaiacha! Akachukua fidla iliyotengenezwa na Stefan-Peter Greiner, fundi Mjerumani wa zama zetu hizi hizi, mtu ambaye unaweza kumpigia simu ukamwambia uzi fulani haukuridhishi.

Mimi naona alifanya jambo la busara, na naona wapigaji wengi zaidi wangemfuata kama wasingekuwa na hofu. Hofu ya nini? Ya jina. Chukua karatasi ya programu ya tamasha lolote kubwa: chini ya picha ya msanii utasoma alikosoma, okestra alizopiga nazo, na mwisho kabisa, "anapiga Stradivarius ya mwaka fulani". Ala imekuwa sehemu ya wasifu wa kazi, kama shahada.

Antonio Stradivari alifanya kazi Cremona, Italia, akafariki 1737. Zimebaki ala zake kama 650 hivi. Mwaka 2011 moja, iitwayo Lady Blunt, iliuzwa dola milioni 15.9 (fedha zilikwenda kwa waathirika wa tetemeko na tsunami ya Japani, kwa hiyo hapo sina neno). Watu wametafuta siri yake miaka nenda miaka rudi. Wengine wanasema vanishi, wengine wanasema baridi kali ya Ulaya enzi zile ilifanya miti ikue polepole, wengine wanataja dawa zilizopakwa kwenye mbao. Huenda kuna kitu hapo. Lakini sisi waandika programu tuna tabia moja: mtu akituambia kitu ni bora, tunamwuliza, umepima?

Basi watu walipima. Mwaka 2010, wakati wa mashindano ya kimataifa ya fidla mjini Indianapolis, mtafiti wa sauti kutoka Ufaransa, Claudia Fritz, na fundi wa fidla aliyeko Marekani, Joseph Curtin, pamoja na wenzao walikusanya fidla sita. Tatu mpya, tatu za kale, yaani Stradivari mbili na Guarneri del Gesù moja. Thamani ya zile tatu za kale ilikuwa karibu dola milioni 10, kama mara mia ya zile mpya. Wapigaji 21 waliingia mmoja mmoja katika chumba cha hoteli chenye mwanga hafifu, wamevaa miwani ya mafundi wa kuchomelea vyuma, na pale kidevu kinapokaa palitiwa tone la manukato ili wasije wakanusa uzee wa mbao. Hata wale waliowapa fidla hawakujua wanawapa ipi. Lile tone la manukato limenifurahisha sana. Mtu aliyelifikiria ndiye ninayemtaka anijaribie programu zangu.

Mwishoni waliulizwa: ungeambiwa uende nyumbani na moja, ungechukua ipi? Kati ya 21, wanane tu walichagua ya kale. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa mpya. Iliyokataliwa kuliko zote ilikuwa Stradivari.

Kelele zilipigwa, kama unavyoweza kufikiri. Chumba cha hoteli si ukumbi, muda ulikuwa mfupi. Malalamiko ya haki kabisa. Kwa hiyo mwaka 2012 walirudia jaribio karibu na Paris: mabingwa kumi, fidla 12 nusu kwa nusu, vipindi viwili vya dakika 75, kimoja ndani ya ukumbi wa viti 300. Sita kati ya kumi wakachagua mpya. Kisha wakawageukia wasikilizaji, Paris na New York, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yakasema hao nao walipenda zaidi sauti ya fidla mpya na waliona ndizo zinazofika vizuri ukumbini.

Tusivuke mipaka. Fidla zilizopimwa ni chache, na hakuna aliyethibitisha kwamba Stradivari ni mbaya. Kilichoonekana ni kwamba mpigaji akifungwa macho, ule ubora ambao angeapa kwamba anausikia haumwongozi tena kwenye fidla ya kale.

Hili nimeliona kwa macho yangu hapa Nairobi. Mteja mmoja aliniambia mfumo wangu wa stoo "unajikokota", si kama ule wa kampuni ya ng'ambo aliowahi kuonyeshwa. Sikubishana. Niliweka mifumo yote miwili kwenye kompyuta mbili, nikaondoa nembo, nikawaachia makarani wake asubuhi nzima. Makarani walichagua wangu. Mteja alinunua ule mwingine.

Turudi kwa fidla, maana kuna jambo halisemwi vya kutosha. Stradivari ya leo si ile aliyoikamilisha mzee mwenyewe. Karibu zote zilifunguliwa baadaye: shingo ikarefushwa na kulazwa nyuma zaidi, mwamba wa mbao uliogundishwa ndani upande wa besi ukawekwa mkubwa, nyuzi zikabadilishwa. Ndani kuna kijiti kidogo kati ya ubao wa mbele na wa nyuma, Wafaransa wanakiita roho, nacho ukikisogeza kidogo tu sauti yote inageuka. Kwa lugha ya kazini kwetu, huu ni mfumo wa zamani uliotiwa viraka kwa miaka 300 na mafundi hodari wasiojulikana, halafu sifa zote anapewa aliyeandika toleo la kwanza.

Na nani anamiliki mfumo huo? Mara nyingi si mpigaji. Bei zimepanda mno, kwa hiyo ala ni mali ya wakfu, benki na matajiri, mwanamuziki anaazimwa. Mwulize Frank Peter Zimmermann, Mjerumani mwingine, bingwa wa kiwango cha Tetzlaff. Kwa zaidi ya miaka kumi alipiga Stradivari ya 1711 iitwayo Lady Inchiquin, mali ya benki ya WestLB. Benki ikayumba, ikavunjwa 2012, mali zake zikaanza kuuzwa, na mwaka 2015 ilimbidi aikabidhi. Hebu fikiria: sauti uliyoijenga mkono kwa mkono miaka yote hiyo, inachukuliwa kwa sababu ya hesabu za watu ambao hukuwahi kuwapigia noti moja. Aliipata tena 2016, baada ya serikali ya jimbo kuingilia. Kijana asiye na jina lake asingepata serikali ya kumwingilia.

Ndiyo maana hatua ya Tetzlaff inanigusa zaidi kuliko hayo majaribio. Amewaonyesha wanafunzi kwamba unaweza kufika kileleni na ala ambayo mpigaji anaweza kuota kuinunua mwenyewe.

Ila jina haliachi kufanya kazi yake. Isaac Stern, aliyekuwa na fidla mbili za Guarneri del Gesù, alimwagiza fundi wa Brooklyn, Samuel Zygmuntowicz, amtengenezee nakala. Stern alifariki 2001, na mwaka 2003 nakala moja ikapigwa mnada kwa dola 130,000, bei ambayo fidla ya fundi aliye hai haikuwahi kufika. Nilifurahi niliposoma. Halafu nikajiuliza, wangelipa ngapi kama ingekuwa fidla ile ile, ila iliyopigwa na mwalimu wa shule?