Usajili: Mabepari Wanagawana, Sisi Tunanyang'anyana

Dirisha la usajili likifunguliwa, vijiwe vya Nyarubungo huzungumza lugha moja na vya Kariakoo: Simba kamnyakua nani, Yanga kamtambulisha nani. Ni wachache mno wanaouliza: na Kagera Sugar, timu ya mkoa wetu, imebakiwa na nani?

Timu hiyo iliifunga Simba bao 1-0 jijini Dar es Salaam Mei 2018, mbele ya hayati Rais Magufuli, Simba ikiwa haijapoteza hata mchezo mmoja wa ligi msimu ule. Mwaka 2025 ikashuka daraja.

Nitaambiwa kwamba soko ni soko. Basi tuitazame Marekani, ngome ya ubepari. Katika NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, tangu 1936 timu iliyoburura mkia ndiyo hutangulia kuchagua chipukizi kutoka vyuoni. Tangu 1994 upo ukomo wa mishahara, sawa kwa tajiri na maskini. Hawafanyi hivyo kwa huruma. Wanajua kwamba ligi ya wababe wawili ni biashara mbovu.

Sisi, warithi wa Azimio la Arusha la 1967, tunafundishwa kugawana na mabepari!

TFF na Bodi ya Ligi waweke ukomo wa matumizi ya usajili, na klabu iliyomlea mchezaji ilipwe fidia ya malezi bila kupigwa danadana. Bila hivyo, mikoa itaendelea kulea, Kariakoo itaendelea kuvuna.